Mkopo wa Nyumba: Bima ni ya Nani?



Kuna maneno yanayozunguka sana hapa Tanga siku hizi. Jamaa yuko Marekani, anatuma sauti kwenye simu, anasema: huku mtu ananunua nyumba akiwa na asilimia 3.5 tu ya bei mkononi, iliyobaki anakopeshwa na benki, na Serikali inamwekea bima. Ndugu huku wanasikiliza, wanageukiana, wanaulizana: na ya kwetu je, Serikali yetu imelala?

Jamaa huyo hasemi uongo, ila kaacha nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye faida kwetu.

Marekani walianzisha mpango huo mwaka 1934, wakati uchumi wao ulikuwa umeanguka na watu wananyang'anywa nyumba kila siku. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kununua nyumba aliambiwa mara nyingi alete karibu nusu ya bei, na deni alimalize ndani ya miaka michache. Serikali ikaunda chombo kinachoitwa FHA. Chombo hiki hakikopeshi mtu hata dola moja. Anayekopesha ni benki. FHA inaiambia benki hivi: mkopeshe huyu kwa masharti yangu, akishindwa kulipa, mimi nitakufidia. Kwa hiyo anayelindwa na bima hiyo ni benki. Mkopaji akishindwa, nyumba inakwenda kama kawaida.

Na bima hiyo nani analipia? Analipia mkopaji mwenyewe. Anaanza na asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, kisha kila mwaka kama asilimia 0.55 kwa wakopaji wengi. Mtu akikopa dola 200,000, bima ya kuanzia peke yake ni dola 3,500, na mara nyingi hiyo inaongezwa ndani ya deni lenyewe. Aliyetoa malipo madogo ya awali, chini ya asilimia 10, anaendelea kuilipia bima mpaka mkopo uishe. Haya jamaa hakuyasema kwenye sauti yake, labda salio lilikwisha.

Wala bima haizuii riba kupanda. Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ulikuwa chini ya asilimia 3. Oktoba 2023 ulikuwa unakaribia asilimia 8. Na wazee wao wanakumbuka mwaka 1981, wastani huo ulipopita asilimia 18, ambayo kwetu sisi ni riba tunayoijua kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania hakuna bima ya Serikali ya namna hiyo kwa mikopo ya nyumba. Iliyopo ni bima ya amana: Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akiba endapo benki itafilisika, na tangu 2023 kiwango cha juu cha fidia ni shilingi milioni 7.5 badala ya milioni 1.5 ya zamani. Hiyo ni ngao ya anayeweka. Anayekopa hapati kitu hapo. Ile bima ya maisha na bima ya moto ambayo benki inakutaka ukate unapochukua mkopo ni ya kampuni za kawaida za bima. Ukifariki, deni linalipwa. Nyumba ikiungua, deni linalipwa. Ukiachishwa kazi, soma vizuri mkataba wako, maana hapo ndipo wengi hawajakingwa.

Si kwamba Serikali haijawahi kujaribu. Wazee mnaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, THB, iliyoanzishwa 1972. Waajiri walikatwa asilimia 2 ya mishahara kuchangia mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, na mikopo ilitolewa kwa riba ya chini. Nia ilikuwa njema sana. Lakini miaka ya 80 bei za vitu zilipanda kwa kasi, thamani ya marejesho ikayeyuka, mikopo mingi haikurudi, na waliopaswa kudaiwa kwa nguvu hawakudaiwa. Mwaka 1995 benki ikafungwa. Mwenye nyumba ya THB alibaki na nyumba, na nchi ikabaki bila mkopo wa nyumba wa maana kwa zaidi ya miaka kumi. Tuyaweke haya akilini, kwa sababu kila mara mtu anaposimama na kusema Serikali ishushe riba ya nyumba kwa amri, anatuita turudi kule.

Njia iliyochukuliwa baadaye ni nyingine. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ndipo mtu akaweza kumiliki ghorofa yake peke yake ndani ya jengo la wengi. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo wanahisa wake wakubwa ni benki zenyewe, kwa msaada wa mradi wa Benki ya Dunia ulioanza na dola milioni 40. TMRC haikutani na wewe wala mimi. Inazikopesha benki fedha za muda mrefu ili benki nazo ziweze kukukopesha kwa miaka 15 au 20 bila kuhofia kwamba amana za miezi mitatu ndizo zilizofungwa kwenye nyumba yako.

Imesaidia? Imesaidia kiasi. Wakati inaanza, riba ya mkopo wa nyumba ilikuwa asilimia 22 na kuendelea. Taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinataja riba ya kati ya 15 na 19. Lakini mikopo yote ya nyumba nchini, ukiijumlisha, haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa. Katika nchi ya watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, waliokopa nyumba kwa rehani ni maelfu tu.

Sasa mtu ananiuliza: mbona tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba riba ya Benki Kuu ni asilimia 5.75, na benki zinatutoza 17? Swali zuri. Benki Kuu ilianza kutumia riba hiyo Januari 2024, ikiwa 5.5, Aprili mwaka huo ikapanda kuwa 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Riba hiyo inaongoza mikopo ya siku chache ambayo benki zinakopeshana. Nyumba haijengwi kwa fedha za siku saba.

Ukitaka kujua bei ya fedha za miaka kumi, wala usiende Dar es Salaam. Iko hapahapa Tanga, kwenye bomba lako la maji. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa wawekezaji, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Tanga UWASA ni mamlaka ya umma, ina wateja wanaolipa ankara kila mwezi, vitabu vyake vinakaguliwa, na bado soko lilitaka 13.5. Serikali Kuu yenyewe, mwaka 2021, ilipotoa hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, ilikubali kulipa asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikaishusha riba ya matoleo mapya ya miaka 25 hadi 12.56.

Jiweke basi kwenye kiti cha meneja wa benki. Mbele yako kuna Serikali, inataka fedha, inalipa 12 au 15, haihami mtaa, haifi, haigombani na mke wake. Upande wa pili umekaa wewe na karatasi ya mshahara na kiwanja cha Kange. Akukopeshe kwa 9? Kwa mapenzi yapi? Ndiyo maana mimi sishangai riba kuwa 17. Ninachoshangaa ni watu kuchukua mkopo wa 17 bila kupiga hesabu.

Chukua karatasi, msikilizaji, tupige pamoja. Milioni 50, riba asilimia 17 kwa salio linalopungua, miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 769,500. Ukimaliza umelipa jumla milioni 138 na nusu. Katika rejesho la mwezi wa kwanza, 708,000 zinakwenda kwenye riba, na deni lenyewe linapungua kwa shilingi 61,000 tu. Itakupasa uingie mwaka wa 12 ndipo deni la milioni 50 lifike 25. Kwa hiyo mtu aliyelipa miaka kumi bila kukosa, akipata matatizo akauziwa nyumba, atakuta zaidi ya nusu ya deni bado inamsubiri. Hapo ndipo ugomvi wa watu na benki unapoanzia, kila mmoja akiamini mwenzake ni mwizi.

Sasa wengine wanasema: basi ongeza muda, rejesho lipungue. Wamarekani si wanalipa miaka 30? Angalia kinachotokea. Milioni 50 zilezile, asilimia 17, lakini miaka 25 badala ya 15. Rejesho linashuka kutoka 769,500 hadi kama 719,000. Umepunguziwa shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Na jumla utakayolipa imepanda hadi karibu milioni 216! Elfu hamsini ya unafuu kwa mwezi imekugharimu milioni 77 mbele ya safari. Ingekuwa riba ni 9, kuongeza muda huohuo kungekushushia rejesho kwa kama 87,000, kutoka 507,000 hadi 420,000. Maana yake muda mrefu ni dawa pale riba ilipo ndogo. Riba ikiwa kubwa, muda mrefu hauna msaada, unakuwa mpangaji wa benki.

Geuza upande wa pili: milioni 50, asilimia 17, miaka mitano. Rejesho ni kali, kama milioni 1.24 kwa mwezi, lakini jumla unalipa milioni 74 na nusu tu. Na sasa utaelewa kwa nini watu wa Tanga, ambao hakuna aliyewafundisha hesabu hizi darasani, wamekuwa wakijenga kwa mafungu. Mwaka huu msingi na jamvi. Mwaka ujao tofali mpaka linta. Anachukua mkopo mdogo wa mshahara, anapaua. Anahamia hakuna lipu, hakuna dari, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Wataalamu wakipita wanaona mapagale na kusikitika. Mimi naona watu waliokataa kulipa milioni 216 kwa nyumba ya 50. Serikali nayo, kupitia Benki Kuu, iliunda mfuko wa mikopo midogo ya nyumba kwa ajili ya ujenzi wa namna hii hii, na nadhani kwa kipato chetu huo ndio uliopaswa kupigiwa ngoma kuliko mikopo mikubwa ya rehani.

Na mshahara wenyewe upo wa namna gani? Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Mshahara wote haufikii rejesho la milioni 50. Na kanuni inasema mtumishi lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Kanuni hiyo inawaudhi wengi, wanaiona inawabania. Mimi naipenda. Imeyaokoa majiko mengi.

Tuache riba kidogo, maana hapa kwetu kuna ukuta unaotangulia riba. Ukuta huo ni karatasi.

Chukua nyumba ya Ngamiani, hapa mjini. Mnaijua: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Chumba kimoja anakaa shangazi, viwili wamepanga vijana wa bandarini, kimoja kimefungwa ana ufunguo mtu aliye Mombasa. Kiwanja kimepimwa tangu zama za mkoloni, mahali pazuri, thamani kubwa. Lakini hati, au ofa ya zamani, ina jina la babu aliyefariki kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Mirathi haijafunguliwa mahakamani. Warithi wa babu nao wamekufa, wameacha warithi. Mjukuu mmoja anataka kukopa aiporomoshe ile nyumba ajenge ghorofa. Benki itamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba haimkopeshi marehemu.

Hapo riba hata ingekuwa asilimia 2 isingemsaidia. Anachohitaji ni kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, kisha jina lihamishwe, kila mwenye fungu atambuliwe, dada zake wakiwemo, kisha hati isajiliwe. Ndipo aende benki. Ni kazi ya miezi, wakati mwingine miaka, na mara nyingi kinachokwamisha si mahakama. Ni yule wa Mombasa mwenye ufunguo.

Nje ya mji hali ni nyingine. Huko Chongoleani na vijiji vya jirani, tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta la kutoka Uganda lilipowekwa Agosti 2017, viwanja vimenunuliwa kwa fujo. Wengi wana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi hiyo ina kazi yake, inathibitisha mlipatana. Lakini rehani ya benki inasajiliwa juu ya hatimiliki, na karatasi ya mwenyekiti haisajiliki. Kule Handeni, mpango wa Serikali wa MKURABITA ulifanya majaribio ya kurasimisha ardhi ya wanakijiji na kuwapa hati za hakimiliki ya kimila, na kisheria hati hizo zinaweza kuwekwa dhamana. Benki ngapi zinazikimbilia? Chache. Wanajua kuiuza ardhi ya kijiji kwa mnada ni shughuli nyingine kabisa.

Nije kwenye sheria, kwa ufupi, kwa sababu watu wanadhulumiwa kwa kutoijua. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo. Mama, ukiletewa karatasi jioni uweke sahihi, isome. Mkopaji akishindwa kulipa, benki haiwezi kuja asubuhi na dalali. Lazima itoe notisi ya maandishi ikieleza kosa na namna ya kulirekebisha, na muda wa kisheria wa kulirekebisha ni siku 60. Ikifika kuuza, inatakiwa itafute bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Wengi wanakimbilia kwa mwanasheria siku ya mnada. Siku 60 zimekwisha kitambo wanahangaika na mganga.

Najua pia kuna wasikilizaji wengi, na pwani hii ni wengi mno, ambao tangu nianze kutaja asilimia wananyamaza tu, kwa sababu kwao riba ni haramu, iwe 17 au 2. Nao wana mlango. Amana Bank ilifunguliwa 2011 ikifuata sharia kikamilifu, na benki nyingine kadhaa zina madirisha ya aina hiyo. Kwa nyumba, benki inaweza kuinunua kwanza na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana, au mnakuwa washirika katika nyumba, unanunua fungu la benki kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya fungu lililobaki. Masheikh wameyaeleza kuliko ninavyoweza mimi. La kwangu ni moja: jumla ya malipo iulizwe hapo pia, maana fedha za benki hizo nazo zimetoka katika soko lilelile.

Jirani zetu Wakenya wamekwenda mbali kidogo. Wana KMRC yao, iliyoanza kazi 2020, ambayo inazipa benki na sacco fedha za bei nafuu ili mkopaji apate riba ya chini ya 10. Na tangu sheria ya 2024 kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Makelele yake mliyasikia hadi mpakani Horohoro. Ukisoma historia yetu ya THB unajua kwa nini wanapiga makelele: mtu anakatwa leo, nyumba ataipata nani, hajui.

Basi tuseme Serikali yetu inaamua kesho kuwa mdhamini wa mikopo ya nyumba. Mimi ningeunga mkono, kwa masharti mawili. La kwanza, bima ilipiwe na mkopaji kama wanavyofanya Marekani, kidogo kidogo, mfuko ujitegemee, usiwe fungu la bajeti ambalo mwanasiasa analigawa mwaka wa uchaguzi. La pili, usianze na mwenye karatasi ya mshahara. Huyo benki inamtaka tayari. Uanze na mwenye nyumba ya Ngamiani anayekusanya kodi ya vyumba vinne kila mwezi na hana pa kuionyesha, na muuza samaki wa soko la Deep Sea mwenye miaka 20 ya biashara na daftari la madeni ambalo ofisa mikopo hajui kulisoma. Hao ndio wenye hatari ambayo benki inaiogopa. Mkopo wao uwe wa miaka mitano au saba, wa kumalizia nyumba iliyokwisha simama, si wa miaka 25. Na kabla ya fomu ya bima kuchapishwa, ofisi ya ardhi ya mkoa iwe imeongezewa wapima na makarani, kwa sababu mfuko huo utakapofunguliwa, watu wa kwanza kufika kaunta watakuwa wamebeba ofa yenye jina la babu.